Nimealikwa Mafunzo ya Uongozi, Mume Wangu Asema ni Siasa

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nina miaka 46, naishi Likoni. Nilitumikia Jeshi la Wanamaji pale Mtongwe miaka 18, nikatoka nikiwa sajini. Sasa nauza leso na vitambaa, na nina chama cha wanawake kumi na mmoja. Watano kati yetu tumewahi kuvaa magwanda. Juzi nimepata mwaliko wa mafunzo ya siku tano, ya uongozi na utetezi wa sera, kwa wanawake waliostaafu jeshini. Mume wangu asema hiyo ni siasa, na askari hafanyi siasa. Mimi nina dukuduku langu. Goti liliumia mazoezini, na kila nikienda kliniki nikitaja jeshi naulizwa, “Mumeo alikuwa kikosi gani?” Hakuna anayedhani askari ni mimi. Lakini mbele ya watu ulimi huwa mzito. Nilizoea kusema nikiulizwa. Niende? Na nikienda, si nitakuja kusema ya siri nijitie matatani?
Sajini, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda, na usikose hata siku moja.

Hilo swali la “mumeo alikuwa kikosi gani” nami nimeulizwa, cheti changu cha kustaafu kikiwa mezani na jina langu juu yake. Nilikaa kimya. Mpaka leo kimya kile kinaniuma kuliko swali lenyewe.

Mimi niliingia jeshini wakati wanawake tuna kikosi chetu peke yetu, kilichoundwa 1971. Mwaka 1999 kikavunjwa, tukaingizwa katika jeshi la nchi kavu, la anga na la majini pamoja na wanaume. Nimeishi nikamwona Fatuma Ahmed akipandishwa cheo kuwa Meja Jenerali 2018, mwanamke wa kwanza Kenya, kisha 2024 akikabidhiwa Jeshi la Anga zima. Siku ile nililia kwa furaha. Lakini yeye alikuwa bado kazini. Sisi tuliotoka tuliacha cheo langoni, na nje ya lango hakuna afande wa kuipeleka shida yako juu kwa niaba yako. Usipoipeleka mwenyewe haifiki.

Mumeo mjibu kwa upole, maana neno lake lina ukweli wa nusu. Askari aliye kazini hafanyi siasa, sawa. Wewe sasa ni raia. Katiba ya 2010, Ibara ya 37, inakupa haki ya kupeleka maombi kwa mamlaka za umma, na Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge sheria, liirekebishe au liifute. Kutetea sera si kumpigia mtu debe. Ni kumwendea aliyekwisha kuchaguliwa, awe wa chama chochote, na kumwonyesha kasoro ilipo na dawa yake.

Kuhusu siri, hofu yako ni ya askari mzuri. Sheria ya Siri Rasmi haikuachii kwa kuwa umevua magwanda. Operesheni, silaha, mpangilio wa kambi, nani alipelekwa wapi: hayo yafungie. Ila goti lako si siri ya taifa, wala malipo ya uzeeni si siri, wala kuulizwa habari za mume si siri. Wanawake wengi wa jeshi wamechanganya mambo haya mawili, wakanyamaza yote. Mficha uchi hazai.

Sasa nikueleze kosa langu, ili siku zako tano zisipotee. Mara ya kwanza kusimama kwenye kikao cha maoni ya umma hapa Mombasa, nilipewa kipaza sauti nikasimulia maisha yangu, tangu kuruti mpaka usiku nisiolala. Watu walipangusa machozi. Mwenyekiti akasema, “Pole sana mama,” akamwita anayefuata. Niliporudi Kisauni nikamwuliza binti yangu aliyekuwa amekaa nyuma: yule karani ameandika nini? Akasema, “Mama, hakuandika. Hukuomba kitu.”

Nilikasirika naye siku mbili. Kisha nikaona ni kweli. Niliwapa kilio, na kilio hakina pahali pa kuwekwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Ndipo nikakumbuka kwamba kazi hii niliifanya miaka yote jeshini: kutoa ripoti. Nani, wapi, lini, kumetokea nini, kunatakiwa nini. Wewe sajini umetoa ripoti za namna hiyo mara ngapi, asubuhi na jioni, bila kutetemeka? Ulimi wako si mzito, mwanangu. Haujapewa ripoti ya kusoma. Kabla ya mafunzo, kaeni nyinyi watano, hata iwe kwenye mahamri na chai, kila mmoja aandike ukurasa mmoja tu. Wenzako wawe wasikilizaji, na asiyeelewa akukatize.

Pili, jua mlango wa kubisha. Ulinzi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Vituo vya afya vya kaunti ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo fomu ya kliniki isiyokuuliza kama wewe mwenyewe umetumikia jeshi, mpelekee Mwakilishi wa Wadi yako na Bunge la Kaunti. Malipo ya uzeeni na Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022 ni mambo ya Nairobi, kwa Bunge la Taifa na kamati yake ya ulinzi. Sheria hiyo itafuteni muisome kalamu mkononi, mpige mstari kila mahali inapokugusa mwanamke, na kila mahali ilipokusahau. Nimeona watu wazima wakipoteza mwaka mzima wakimgombeza Mwakilishi wa Wadi kwa jambo ambalo hana mamlaka nalo.

Tatu, ombi kwa Bunge lina sheria yake ya 2012, na watu hawajui kuwa ni rahisi. Laweza kuandikwa kwa mkono. Laweza kuwa kwa Kiswahili. Liwe la heshima, liende kwa Karani wa Bunge, liseme mmekwisha kulalamika wapi na mkajibiwa nini, na kama jambo liko mahakamani. Mwishoni liseme wazi mnaomba nini, kisha majina, anwani, namba za vitambulisho na sahihi, au kidole gumba. Kwa hiyo anzeni leo kutunza kila barua mliyoandika na kila jibu, hata la mstari mmoja.

Na tarehe, tafadhali. Kwa fedha za kaunti, mpango wa maendeleo hufikishwa Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Ukija Juni na ombi la pesa, wali umeshapakuliwa.

Wakufunzi huenda wakawapa mifano ya Marekani. Sikilizeni, ila hesabuni miaka. Kule kamati ya kuishauri serikali juu ya wanawake waliotoka jeshini iliundwa 1983, kituo chao ndani ya wizara ya wanajeshi wastaafu kikafuata 1994, na sheria iliyoweka ofisi ya afya yao ikatiwa sahihi Januari 2021. Sheria hiyo ina jina la Deborah Sampson, mwanamke aliyevaa nguo za kiume ili apigane vita vya uhuru wa nchi yake. Ni miaka 38 kutoka kamati hadi sheria. Msikate tamaa mkijibiwa “tutaangalia” mara ya kwanza.

Ukirudi, niandikie uniambie mliomba nini. Nataka kusoma ukurasa wako.

SWALI: Mama yangu alistaafu jeshi, lakini akiulizwa husema tu alikuwa “kazi ya serikali.” Picha zake za gwaride ziko chini ya sanduku. Nimsaidieje?
Binti, Changamwe

JIBU: Usimsukume mbele ya watu. Mwombe akutolee picha moja, umwulize aliyesimama kando yake ni nani, na yuko wapi sasa. Andika majina nyuma ya picha kwa penseli. Kisha mwombe cheti chake cha kustaafu, ukitolee nakala tatu, moja uiweke kwako. Akikutajia mwenzake aliye hai hapa Mombasa, mtafute, umlete nyumbani bila kuwaita majirani. Wapikie, kisha mtoke nje wewe na watoto, muwaachie chumba.