Je, takwimu zaweza kutaja sababu ya kifo cha mtu mmoja?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa afya ya jamii. Iwapo utafiti umethibitisha kwamba maji machafu huleta kipindupindu, je, naweza kusema kwamba mgonjwa fulani aliyeyanywa alikufa kwa sababu ya maji hayo?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa uhakika kamili huwezi, ingawa mara nyingi waweza kusema uwezekano huo haupungui kiasi gani. Watu wakinywa maji fulani kitatokea nini ni swali linalotazama mbele, nalo hujibiwa kwa majaribio. Kama marehemu angekuwa hai lau asingeyanywa ni swali linalotazama nyuma, na hakuna takwimu inayolijibu moja kwa moja, kwa kuwa mtu yuleyule hawezi kunywa na kutokunywa kwa pamoja. Tuseme katika jaribio la dawa nusu ya waliopewa walipona, na nusu ya wasiopewa walipona vilevile. Huenda dawa haina athari kwa yeyote; huenda pia inawaponya baadhi na kuwadhuru wengine kwa idadi sawa. Hesabu za makundi hazitenganishi hali hizo mbili, na hata watafiti wazoefu hulisahau hilo.

Hata hivyo, hesabu huweka kima cha chini. Katika mlipuko wa kipindupindu wa London wa mwaka 1854, daktari John Snow alilinganisha nyumba zilizopata maji ya kampuni ya Southwark and Vauxhall, yaliyochotwa Mto Thames palipochafuliwa na maji taka, na nyumba za kampuni ya Lambeth, ambayo mwaka 1852 ilikuwa imehamishia uchotaji wake juu zaidi mtoni. Kwa kila nyumba 10,000, vifo vilikuwa 315 kwa kampuni ya kwanza na 37 kwa ya pili. Tukikubali kwamba wakazi walifanana kwa mengine (na katika mitaa mingi mabomba ya kampuni zote mbili yalipita sambamba), tofauti ya 278 tukiigawa kwa 315 tunapata takriban asilimia 88. Huo ndio uwezekano, kwa uchache, kwamba aliyekufa katika kundi la kwanza asingekufa kama angepata maji ya Lambeth.

Kima hicho hupanda pale sababu nyingine zinapokosekana. Mjane mmoja wa Hampstead, mbali na katikati ya London, aliletewa maji ya pampu ya mtaa wa Broad Street, ambayo yalikuwa na kipindupindu mwaka huohuo, kwa kuwa alipenda ladha yake. Alikufa kwa kipindupindu, na mpwa wake aliyeyanywa alipomtembelea akafa pia huko Islington, sehemu nyingine ya London, ilhali wala kwa mjane wala kwa mpwa hapakuwa na ugonjwa huo mtaani. Bila maji yale hatari yao ilikaribia sifuri. Kwa hiyo, kwa mgonjwa wako, chunguza kwanza ni njia gani nyingine ingeweza kumfikishia maradhi.