Kisima cha chumvi, COD yapanda elfu na ushei

SWALI: Maalim, asalaam aleikum. Niko Malindi, nashika maabara ndogo ya hoteli moja ufuoni, bado mgeni kazini. Maji ya vyooni na jikoni yakishatoka mtamboni twayapima kabla ya kumwaga. BOD ya siku tano (oksijeni wanayotumia bakteria kula uchafu) ni miligramu 18 kwa lita lakini COD (oksijeni inayohitajika kuuchoma uchafu kwa dawa) yanitokea 1,150, nimerudia mara tatu ni vile vile, na bosi yuadhani mtambo umekufa. Dawa tunachanganya wenyewe, salfati ya zebaki iliisha tukaambiwa ni ghali na ni sumu tuiache. Maji ya hoteli ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Nakosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Wallahi nilivofika kwenye hiyo zebaki nikacheka, jibu umeliandika mwenyewe hapo.

Dikromati, ndiyo dawa ya kuchomea, na asidi ya salfuriki, ukivichemsha masaa mawili kwa digrii 150, haviulizi huyu ni mafuta ya jikoni ama ni sabuni, vinachoma vyote, na kloraidi ya chumvi nayo inachomwa inageuka klorini. Kila miligramu ya kloraidi inakula 0.226 ya oksijeni. Kwa hivo maji yakiwa na kloraidi miligramu 5,000 kwa lita, chumvi peke yake yaweza kukutilia mpaka 1,130 na uchafu haujahesabiwa bado! Bahari yenyewe iko kama 19,000, piga hesabu. BOD haikudanganyi hapo maana bakteria hawali chumvi.

Sasa pima kloraidi kwanza, kwa nitrati ya fedha, hiyo "kidogo" yako hainitoshi. Halafu rudisha ile salfati ya zebaki, ndiyo inayoifunga kloraidi isichomwe, uzito wake mara 10 ya kloraidi iliyo ndani ya sampuli, na uitie KABLA ya asidi yenye salfati ya fedha, utikise vizuri, la sivyo utaona ukungu mweupe kama tui, hapo fedha imeshikwa na chumvi na haisaidii tena kuchoma. Kloraidi ikipita 2,000 hata zebaki inashindwa, ongeza maji safi ya maabara, mara tano kwa mfano. Lakini angalia, COD ya kweli ikiwa 45 itakuwa 9 tu kwenye tyubu, kwa hivo tumia dikromati nyepesi ya kupimia namba ndogo, na kila kosa lako nalo litazidishwa mara tano.

Ukitaka kumnyamazisha bosi, changanya chumvi safi na maji safi mpaka ifike kloraidi ile ile, uipime kama ulivyopima sampuli, bila zebaki. Namba itakayotoka ni ya chumvi. Kanuni za maji za Kenya za 2006 ziliweka COD 50 na BOD 30, kwa hivo bila zebaki hamngepita hata mtambo ungekuwa mpya.

Sumu ni kweli ni sumu, mabaki yakae kwenye mtungi wake. Ukiyamwaga kwenye sinki yatarudi mtamboni na huko bakteria watakufa kikweli.

SWALI: Sampuli za COD natoa Lamu, boti mpaka Mokowe halafu basi mpaka Mombasa. Zitafika nzima?

JIBU: Zitafika. Tia asidi ya salfuriki mpaka pH ishuke chini ya 2, weka kwenye barafu, una siku 28.