Kwa ajira mpya: mzazi aliamini vema zako

Walimu wa ajira mpya mlioripoti Moshi na Arumeru, karibuni. Muhula haujafika hata katikati, na ofisini tayari inasikika ile sentensi ya kila mwaka: "Wazazi wa huku hawana mwamko." Vuteni viti, chai ingali ya moto.

1. Madaftari. Hili ni kosa letu tuliowatangulia, na sasa mnalirithi kana kwamba limo kwenye barua ya ajira. Chukua hisabati, darasa la tatu, watoto 80, kipindi cha dakika 40. Mwalimu anaandika maswali matano ubaoni. Kumi wanaojua wanamaliza. Mmoja anaitwa mbele kuonyesha njia, na wale 70 wanafuta walichoandika na kunakili. Madaftari yanapangwa mezani, marefu kama mnazi. Ukiyapa nusu dakika kila moja, tayari umemaliza kipindi kingine kizima, na una vipindi vinne vinavyosubiri. Kwa hiyo kalamu inakimbia: vema, vema, vema, 5/5, "Vizuri sana", tarehe, saini. Mthibiti ubora wa shule akija anakuta kazi za kutosha na zote zimesahihishwa.

Jioni mama anafunga meza yake ya nyanya Kiboroloni, anafika nyumbani, anafungua daftari. Pengine hakusoma sana, lakini vema nyekundu anaijua. Anafurahi, analala usingizi wake. Mwaka unaofuata unakuja Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne na mtoto anashindwa kutoa 17 kwenye 52. Tunamwita mama mkutanoni tunamwambia hafuatilii maendeleo ya mtoto. Alifuatilia! Alifungua daftari kila jioni, na daftari likamdanganya kwa wino wetu. Tumelifanya hili darasa baada ya darasa, kisha tukalalamikia mwamko.

Dawa yake si kusahihisha usiku kucha. Katika maswali matano, moja lisifanywe ubaoni kabisa. Hilo ndilo la kulikagua kwa makini. Gawa darasa mafungu manne, madaftari 20 kwa siku, Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa uwaite waliokosa. Kilichonakiliwa ubaoni kiandikwe "Masahihisho" na kisipewe vema. Halafu acheni "Ongeza bidii", hakuna mzazi anayejua aiongeze wapi. Andika "Anashindwa kutoa kwa kukopa, mfano 52 − 17." Yule mama wa nyanya anarudisha chenji tangu alfajiri, kwa sarafu mezani atalifundisha hilo vizuri kuliko wewe na chaki yako.

2. "Mmeelewaaa?" "Ndiyooo, mwalimu!" Huo ni wimbo. Andika majina kwenye vipande vya karatasi, tia kwenye kopo, uliza swali, hesabu kimoyomoyo hadi tano, ndipo uchomoe jina. Ukichomoa kabla ya kuuliza, 79 wanapumzika. Na kwenye kikao cha MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, njoo na madaftari matatu, la anayeweza, la wa kati na la anayesuasua, mjadili kosa moja. Hotuba zibaki nyumbani.

3. Mkutano wa wazazi. Barua inatoka Jumatatu: mkutano Jumatano saa nne. Shule iko jirani na Tengeru, na Jumatano ni siku ya soko! Wanakuja mabibi watatu na mwenyekiti wa kitongoji. Ulizeni kalenda ya masoko kabla ya kuuliza mwamko.

Wakija, msiwasomee jedwali la wastani na nafasi. "Wa 47 kati ya 82" haimwambii mzazi chochote isipokuwa aone aibu. Mtoto akae karibu na mzazi wake, asome aya moja ya kitabu cha darasa la pili kwa sauti. Dakika tatu zinatosha. Kwa watoto 80 hizo ni saa nne, kwa hiyo gaweni kwa vitongoji, walimu wawili, siku mbili, saa moja moja. Mzazi aliyemsikia wa darasa la nne akikwama kwenye "ng'ombe" hahitaji kuhamasishwa. Ataanza yeye kukuuliza maswali, tena magumu, na ujiandae kuyajibu bila kununa.

4. Chakula na pesa nayaunganisha kwa sababu ninyi mnayaunganisha vibaya. Ukikadiria makande ya gramu 100 za mahindi kwa mtoto kwa siku, siku 20 za mwezi ni kilo 2. Debe moja, kama kilo 18 hadi 20, linamlisha mtoto mmoja miezi tisa au kumi. Ombeni debe baada ya mavuno ya masika, si Januari. Januari ina siku 60 na mzazi ameshamaliza akiba. Kabla ya kuhifadhi, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kwenye chupa, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, anikeni tena, la sivyo yataota ukungu.

Fedha taslimu usiziguse. Michango ya lazima iliondolewa kuanzia Januari 2016. Cha hiari kipitie kamati ya shule, kwa stakabadhi. Ruzuku ya serikali nayo ibandikwe ubaoni. Kwa kiwango cha Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 ndizo za kufika shuleni, watoto 400 ni wastani wa 200,000 kwa mwezi. Mzazi akiiona hesabu hiyo ataacha kudhani mwalimu mkuu anajenga kwayo.

5. Desemba. Wachagga wanarudi nyumbani kula sikukuu, na kamati inawakaribisha ikiwa na ombi la geti. Geti linaonekana toka barabarani, ndiyo maana linapendwa. Pelekeni ombi la vitabu vya hadithi vya Kiswahili, nakala 40, na sanduku la mbao. Funguo ziwe mbili, moja kwa mwalimu wa darasa, moja kwa kiongozi wa darasa. Ukiviweka kwenye kabati la ofisi, Juni mtavikuta bado vinanukia duka.