Unanyanyua vyuma na mizani imegoma? Soma hapa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji kutoka Morogoro: "Dada, napiga chuma tangu Pasaka, jasho linanitoka kweli, lakini kilo ziko palepale. Mwalimu wa gym anasema misuli inachoma mafuta hata nikiwa nimelala. Mbona mimi hainichomei?"

Mdogo wangu, wewe huna kasoro yoyote. Umeahidiwa kitu ambacho misuli haikitoi, na kile inachotoa hakuna aliyekuambia.

Mimi niliingia kwenye mazoezi haya kwa sababu ya mama. Mama ana kisukari, bibi alikuwa nacho, na nilipovuka miaka arobaini majibu yangu ya HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi, yalitoka 6.1. Daktari akaniambia haijawa kisukari, ila safari imeanza. Nilianzia uani kwa ndoo mbili za maji, nikazinyanyua kutoka chini, nikazitua, nikazinyanyua tena. Baadaye nikahamia gym ya mtaani, zile za vyuma vya kuchomelewa na fundi, gia za malori zimevishwa kwenye bomba. Wanawake tulikuwa wa kuhesabu. Kwenye sendofu ya binti wa kaka yangu, shangazi alinishika bega mbele za watu akasema, "Mwanangu, unataka kuwa kuli?" Watu wakacheka. Hadi leo nikikumbuka naumia, kwa sababu shangazi huyo huyo alijua kisukari kilivyotuchukulia bibi.

Mwezi huu nimepima tena: 5.5. Mizani imeshuka kidogo sana, hata nguo hazijapwaya za kuonekana. Lakini sukari imerudi mahali pake, na najivunia hilo bila kuomba radhi kwa mtu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kilo moja ya misuli iliyotulia hutumia takriban kilokalori 13 kwa siku. Kilo ya mafuta hutumia kama 4 na nusu. Kwa hiyo ukiongeza kilo mbili za misuli, na kwa mwanamke hiyo ni kazi ya miezi mingi, umejiongezea matumizi ya kilokalori 26 hivi, ambazo hata tonge moja la ugali la kushiba mkono linazizidi. Ini na ubongo ni miongoni mwa walaji wakubwa ukiwa umelala: kilo kwa kilo, kila kimoja hutumia kama 200 au zaidi. Anayekuambia utalala huku misuli inakula kitambi anakuuzia maneno.

Faida kubwa iko kwenye sukari. Misuli ni ghala. Mtu mzima huhifadhi humo gramu 300 hadi 500 za glaikojeni, yaani sukari iliyofungwa, wakati ini linahifadhi kama 100 tu. Unaponyanyua kitu kizito, sekunde kumi za kwanza hivi misuli hutegemea zaidi akiba yake ya haraka, ATP na fosfokreatini. Ukiendelea hadi yale marudio ya mwisho ambapo mapaja yanawaka moto, glaikojeni inatumika kwa kasi. Ghala likipungua, wali utakaokula jioni unapata pa kwenda badala ya kuzungukazunguka kwenye damu. Zaidi ya hapo, msuli unapojikaza, protini za kubeba sukari hupanda hadi kwenye ukuta wa seli na kuivuta glukosi ndani bila kusubiri insulini. Na kwa siku moja au mbili baada ya zoezi, insulini hiyo hiyo uliyonayo inafanya kazi vizuri zaidi. Ndiyo maana nasema usikae wiki nzima bila kugusa kitu kizito. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau siku mbili kwa wiki.

Na usiniambie umri umekwenda. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wazee wa miaka 90 hivi, wakaazi wa nyumba ya kutunzia wazee, waliofanya mazoezi ya uzito ya miguu kwa wiki nane. Nguvu zao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Mama yangu sasa anakaa na kuinuka kwenye kiti cha plastiki kila asubuhi kabla ya chai, na simruhusu ashike meza.

Basi fanya hivi. Chuchumaa na uzito, nyanyua kutoka chini, sukuma, vuta. Ukizoea, ongeza uzito. Usijinyime chakula ili mizani ifurahi, maana ukipungua kwa njaa tupu, sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli yenyewe. Kula dagaa, maharage, mayai, kila siku, kila mlo ukiweza. Lala. Kiuno kipime kwa futi ya fundi cherehani, na ukienda hospitali omba HbA1c. Halafu ongeza uzito tena, wanawake wengi tunang'ang'ania dambeli za kilo mbili mwaka mzima.

Ila kama tayari unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, ongea na daktari wako kabla ya kuanza, kwa sababu zoezi likichanganyika na dawa sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Weka juisi au glukosi ya unga kwenye mkoba, na mwenzako wa mazoezi ajue iko wapi.