Jibu: Masaa 9 Dubai kati ya ndege mbili, nitoke au nibaki uwanjani?
Toka, ndugu yangu, masaa 9 yanatosha kabisa. Ila viza ya kupita ya saa 48 iombe mapema kupitia shirika lako la ndege. Kwa pasipoti zetu za Kenya na Tanzania, usitegemee kugongewa viza ukishafika.

Panda metro, mstari mwekundu hadi Union, kisha wa kijani ushuke Al Ras. Hapo ndipo mtaa wa zamani wa Deira: soko la dhahabu, soko la viungo, na majahazi yakipakia friji na matairi gatini. Vuka khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, kwa boti ndogo, abra, nauli dirham 1 tu. Kwangu mimi mvuko huo unalishinda jengo la Burj Khalifa na mita zake 828. Kama ni Julai, joto ni kali, nenda jioni.