Spidi ya nini kwa mtu wa kilomita 21?

Kwenye joging klabu zetu hapa Mwanza swali hili halikosekani: mimi nakimbia kilomita 21, spidi ya nini? Jibu la kishabiki ni Alphonce Simbu. Septemba 2025 kule Tokyo alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kwa kumzidi Mjerumani Amanal Petros pale pale kwenye mstari, wote wawili wakiandikiwa saa 2:09:48. Kilomita 42 nzima, halafu hatua chache za mwisho ndizo zikaamua.

Sisi wa kawaida tuna sababu nyingine. Kasi inayokata pumzi huwezi kudumu nayo zaidi ya dakika chache. Ukiikata vipandevipande na kuweka joging nyepesi katikati, asubuhi moja unajikuta umekusanya dakika 15 za kasi ileile. Moyo unazoea kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, misuli inazoea kutumia oksijeni vizuri, na kasi ya siku ya mbio, ambayo iko chini ya hii, inaanza kukuzoea. Intavali ni hiyo tu, hakuna uchawi.

Wengi wanaharibu kipande cha kwanza. Wanachomoka kama wanaiwahi daladala ya mwisho ya Igoma, kufika cha tatu wameshika viuno. Kama unamaliza kilomita 10 kwa saa moja, vipande vinane vya mita 400, kila kimoja kwa dakika 2 na sekunde 15, vinakutosha kabisa. Mwanzoni utahisi unadanganywa. Vumilia. Cha nane kikitoka sawa na cha kwanza, umefanya kazi. Kikichelewa kwa sekunde kumi, wiki ijayo punguza kasi, usitafute visingizio vya raba.

Pumziko najipima kwa mdomo. Nikiwa kwenye joging ya katikati nauliza kwa sauti, "Mama, kilo ya dagaa leo bei gani?" Sentensi ikitoka nzima, naondoka. Ikikatikia kwenye "dagaa", naongeza nusu dakika. Watu wa Kirumba wameshanizoea, ingawa kuna mama aliyenitajia bei kweli, na ilikuwa nzuri.

Uwanja si lazima. Barabara ya Airport, ukishapita Pasiansi, ina vipande vya tambarare vya kutosha, ila uwe umeanza saa 12 alfajiri kabla bodaboda hawajaichukua na jua halijapanda. Siku ukitaka mlima, nenda Bugando: panda kwa nguvu sekunde 60, shuka ukitembea, rudia mara sita. Kwenye mlima tumia saa, mita achana nazo, maana mwinuko haulingani. Kushuka usikimbie hata kama miguu inakuvuta, magoti ndiyo yatakayolipa.

Kabla ya yote haya, pasha mwili kwa joging ya dakika 15. Na kama bado huwezi kukimbia dakika 40 bila kusimama, intavali zisubiri kwanza.

Mara moja kwa wiki inatosha. Vijana hunitajia Emil Zátopek, mkimbiaji wa Chekoslovakia aliyekuwa akirudia mita 400 makumi ya mara kwa siku, kisha kwenye Olimpiki ya Helsinki 1952 akabeba dhahabu za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni. Sawa, lakini yeye alikuwa Zátopek, na wewe saa mbili asubuhi unatakiwa kazini. Siku inayofuata intavali kimbia polepole au pumzika, na mbio yako ndefu iweke wikiendi.

Mbio zikikaribia, refusha vipande na shusha kasi: kutoka mita 400 kwenda kilomita moja, kisha kilomita tatu kwa kasi unayoitaka siku yenyewe. Intavali ngumu ya mwisho ifanye siku kama kumi kabla. Wiki ya mbio fanya vipande vinne vya dakika moja moja, Jumatano, halafu kunywa maji na ulale.