Ukiambiwa "mtajulikana", uliza kwanza nauli

Juzi usiku nimepata meseji ya kijana mmoja wa Kasulu, ana bendi ya watu watano, gitaa mbili, besi, kinanda na dramu. Nafupisha: kaka shikamoo, tumeitwa kupiga kwenye tamasha, hela hawatoi ila wanasema tutajulikana, wenzangu wanataka twende ila mimi moyo unasita, wewe ulishapita huko, unasemaje. Nikamjibu "msiende" nikalala. Asubuhi nimeamka nikaona nimemfanyia uhuni, mtu kaandika meseji ndefu vile mimi nampa neno moja kama nampa salio. Kwa hiyo hili ndo jibu lake kamili, na wewe unayesoma nawe limo lako, maana najua una bendi au unaitafuta, asiye na bendi hawezi kufungua makala yenye kichwa hiki.

Sisi tuko Mwanga, Kigoma mjini, tulikuwa watu saba. Mwaka juzi nikapigiwa simu kutoka Tabora, jamaa ana sauti nzuri kweli, anaongea taratibu kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Akasema kuna tamasha kubwa, wadhamini wapo, waandishi wapo, maproduza wanatoka Dar, na sisi katuona kwenye kivideo akapenda. Nikauliza, na malipo je? Akacheka kidogo. "Kaka, hapa mnapewa platfomu. Hela zitawafuata zenyewe."

Mnajua nilijibu nini? Nilisema asante. Nilimshukuru kabisa, nikakata simu nikaanza kurukaruka uani mpaka mke wangu akatoka na mwiko mkononi.

Na msinicheke. Kwa mtu wa Kigoma anayepiga dansi, Tabora sio mji tu. Mwanamuziki Shem Karenga alitoka huku kwetu akaenda kung'ara na bendi ya Tabora Jazz, na mzee wetu wa tumba nyimbo zao anazijua moja moja, akilewa kidogo anaimba mpaka sehemu za gitaa kwa mdomo. Nilipomwambia tunaenda Tabora alinyamaza, akavua kofia akaiweka gotini. Sasa mzee amevua kofia, wewe ungeanza kumuuliza mambo ya nauli?

Basi tukachanga. Haikutosha, nikaenda Kibirizi kwa shemeji yangu anayeuza dagaa nikakopa laki mbili na nusu. Gitaa la solo halikuwa na begi, tukaliviringisha kanga mbili tukalitia kwenye kiroba cha mchele. Ampu ikalipiwa kama mzigo. Mpiga besi wetu alikuwa kaajiriwa duka la vifaa vya ujenzi, akaomba ruhusa siku nne, bosi wake akamwambia nenda ila usirudi. Akaenda. Hilo neno naomba ulikumbuke, akaenda.

Safari siisimulii, ni zaidi ya kilomita 400 za reli, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo, usiku kucha umekumbatia kiroba ili watu wasikikalie.

Tulikuwa tumeambiwa tunapanda steji saa mbili usiku. Tunafika uwanjani, kijana mwenye kitambulisho shingoni anatuonyesha ratiba, sisi saa tisa mchana. Saa tisa ya Tabora, mwezi wa kumi, jua hilo linapiga mpaka nyuzi za gitaa zinalegea ukizitazama. Viti bado vinashushwa kwenye lori. Nikamuuliza fundi mitambo, saundi cheki saa ngapi, akaniambia anzeni tu, mimi nitakuwa narekebisha huku mnaendelea. Maiki ya tumba haikutoa sauti wimbo wa kwanza wote. Mzee anapiga, tunamuona anapiga, hasikiki, na yeye anajua kwamba hasikiki lakini anatabasamu vilevile.

Waliokuwa mbele yetu niliwahesabu kwa sababu waliwezekana kuhesabika: vijana wa viti, akina mama lishe wanawasha majiko, na watoto wa shule wenye sare kama kumi na tano hivi. Mmoja alicheza mwanzo mwisho, Mungu ambariki yule mtoto. Wimbo wa tatu tukapungiwa mkono tumalizie. Maproduza wa Dar kama walikuja basi walikuja usiku, na usiku sisi tulikuwa nyuma ya steji tunagawana sahani tatu za wali watu saba.

Lakini sio hayo yaliyoniuma. Jua ni jua, mitambo ni mitambo, kila mwanamuziki ana hadithi ya maiki mbovu.

Kilichoniuma ni karatasi. Jioni nilienda kwenye meza yao kuomba angalau hela ya maji. Dada aliyekaa pale akanigeuzia karatasi ya malipo, imepigwa mistari kwa rula: jina, kazi, kiasi, sahihi. Nikaanza kusoma kutoka juu. MC, laki tatu. Jenereta na mafuta, laki nne na nusu. Viti, walinzi, vyoo, kibali, vyote na kiasi chake. Msanii mkubwa wa usiku, ile sitaji, mtasema nina wivu. Maua ya meza kuu, laki moja na ishirini. Maua! Halafu chini kabisa: Bendi Kigoma, na kwenye kiasi limeandikwa "promo". Akanipa kalamu. "Saini hapa kaka."

Nikasaini.

Mpaka leo sijui kwa nini. Nimesaini kupokea hewa, kwa mkono huu ninaoandikia. Na nilisema asante tena.

Sasa mdogo wangu wa Kasulu, nisikilize. Tamasha lenye tiketi, lenye wadhamini, lenye maua mezani, hilo hela inayo. Haijakosekana, imepangwa, na kwenye kupanga wewe umewekwa chini ya maua. Mtu anayekwambia hana bajeti muulize swali moja tu: fundi wa jenereta naye anakuja kujulikana? Huwezi kumwambia fundi jenereta aje bure kwa sababu akigoma kunakuwa giza. Sisi tukigoma wanaweka CD. Hapo ndo wanapotupatia.

Na tusidanganyane kwamba zamani ndo ilikuwa hivi. Bendi ya NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa na mshahara kama mfanyakazi mwingine. Kupiga gitaa ilikuwa kazi. Hii habari ya kulipwa macho ya watu tumeikuta sisi, na tumeipokea kwa mikono miwili kama wajinga, mimi nikiwa wa mbele.

Kwa hiyo uliza nauli. Asiyeweza kukulipa nauli hajakuita, amekuruhusu tu uje, na hayo ni mambo mawili tofauti. Uliza saa ya kupanda steji na ikae kwenye maandishi, hata meseji ya WhatsApp inatosha. Uliza nani mwingine analipwa. Na ukishauliza hayo yote uliza tena nauli, maana watakuwa wameruka hilo swali, nawajua.

Kuna watu watasema huyu ana kinyongo. Ninacho, sikatai. Ila sisemi usipige bure kabisa, mimi mwenyewe nimeshapiga bure mara nyingi na nitapiga. Miezi mitatu baada ya Tabora tulipiga bure pale Kibirizi kwa yule yule shemeji niliyemkopa, alikuwa anazindua mtumbwi wake mpya, tukafunga spika mbili tu jioni wavuvi hawajatoka. Wakala mgebuka wa kuchoma, wakacheza mpaka mchanga ukaruka. Hakuna mwandishi wala produza hata mmoja. Ila mle walikuwemo watu wanaooza watoto wao, na ndani ya mwaka ule tulipata harusi tatu kutokana na jioni ile, mbili Ujiji na moja Bangwe, kila moja kwa advansi. Huko nako si ni kujulikana? Lakini shemeji hakuuza tiketi, hakumlipa mtu yeyote, alikula tulichokula na kebo alibeba mwenyewe. Ukipiga bure, piga kwa mtu ambaye naye siku hiyo hapati kitu. Hiyo ndo rula yangu, wengine wana zao.

Vijana tuna ugonjwa wa kudhani jina linajengwa mbali. Unaacha mtaa mzima haujakusikia unapanda treni kwenda kupigia viti. Jiheshimuni. Nasema kwa ukali kwa sababu nimeona bendi nne za hapa Kigoma zimekufa, na hakuna iliyokufa kwa kukosa kipaji.

Yetu haikufa ila ilipungua, tuko sita. Tuliporudi kutoka Tabora mpiga besi alienda dukani akakuta mtu mwingine nyuma ya kaunta. Hakunilaumu hata siku moja, hilo ndo baya zaidi. Alikuja mazoezini mara mbili, ya tatu hakuja, besi akaiuza Gungu akaongezea hela akachukua bodaboda. Siku hizi anapaki pale karibu na stesheni. Wiki iliyopita alinibeba kutoka stesheni mpaka Mwanga, nikashuka nikamwambia mdogo wangu, leo sina chenji, tutaonana kesho. Akazima pikipiki, akavua helmeti, akaninyooshea mkono.

"Kaka, huku hatupigi promo."

Nikaenda kuomba chenji dukani.